UZI: Kurahisisha sehemu si kukata namba, ni kubadilisha chombo cha kupimia

#1 MamaNafaka (Moshi)

Habari za jioni wadau. Nauza nafaka Soko la Mbuyuni hapa Moshi: mahindi, maharage, mchele, na ulezi kwa wanaopika mbege. Shule nimeishia darasa la saba, ila hesabu nazifanya toka alfajiri mpaka jua linazama, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Jumanne binti yangu wa darasa la tano karudi na daftari la Hisabati. Swali lilikuwa: Rahisisha 24/36. Yeye kaandika 12/18. Kapewa kosa la wino mwekundu, na pembeni pameandikwa neno moja tu, "Endelea." Akaniuliza nikiwa napepeta maharage: "Mama, 12/18 si ni sawa na 24/36?" Nikamwambia ndiyo, ni sawa. "Sasa kama ni sawa, nimekosa nini?"

Nikafanya wanachofanya wazazi wengi. Nikamwambia kata tena kwa mbili, ikawa 6/9. Kata kwa tatu, ikawa 2/3. Haya, umepata. Akanitazama tu. Jibu alikuwa nalo, lakini hakuwa ameniuliza namna ya kumaliza. Aliniuliza kosa lake ni lipi, na mimi sikuwa na la kumwambia. Nililala nalo swali hilo.

Kesho yake jioni nikamwita kwenye meza yangu ya sokoni. Nikaweka debe tupu la lita 20, sado ya lita 4, na kopo la lita moja. Nikamwambia achote maharage kwa kopo mara nne, kila mara apitishe kiganja juu kusawazisha, atie kwenye debe. Debe zima linachukua makopo 20, kwa hiyo mle ndani mna makopo 4 kati ya 20, yaani 4/20 ya debe. Tukayamimina kwenye beseni. Nikampa sado, nikamwambia ayapime yale yale. Ikajaa sado moja sawasawa. Na debe zima linachukua sado tano. Kwa hiyo ni 1/5.

Nikamuuliza: maharage yameongezeka? Hapana. Yamepungua? Hapana. Kimebadilika nini sasa? Akafikiri kidogo, akasema, "Chombo."

Ndugu zangu, hapo hapo na mimi nikaelewa kitu nilichokuwa nimekikariri tangu utoto. Ile namba ya juu, kiasi, inasema tuna vipande vingapi. Ile ya chini, asili, inasema kitu kizima kina vipande vingapi vya aina hiyo. Ukigawanya juu na chini kwa namba ile ile, hupunguzi kitu. Unachofanya ni kuweka kopo chini na kuchukua sado. Chombo kikiwa kikubwa, idadi inakuwa ndogo juu, na inakuwa ndogo vile vile chini. Ndiyo maana lazima ugawanye kotekote. Huwezi kupima maharage kwa sado halafu debe ukalipima kwa kopo.

Na ile "Endelea" ya mwalimu sasa naielewa. Binti alipogawanya kwa 2 alichukua chombo kikubwa kidogo, lakini kilikuwepo kikubwa zaidi ambacho bado kingepima vyote viwili bila kubakiza kitu. Namba 24 na 36 zote zinapimika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 6 na kwa 12. Zaidi ya 12 hakuna. Ukichukua hiyo 12, inaingia kwenye 24 mara 2, kwenye 36 mara 3, umefika 2/3 kwa hatua moja. Shuleni chombo hicho wanakiita Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS. Jina hilo nilikuwa nalijua, na kukitafuta nilikuwa najua. Sikujua ni cha nini.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: mwanangu, kiasi hujakosea hata punje. Ulichoambiwa ni kwenda mpaka mwisho, na wewe umesimama njiani.

Tena nikamwonyesha kwamba jambo lenyewe analijua tangu hajaanza shule. Mteja haji kwangu akasema "nipimie robo mbili za mchele." Anasema nusu. Akitaka robo tatu anasema robo tatu, maana hiyo haina chombo kikubwa zaidi cha kuipima. Lugha yetu inarahisisha yenyewe, mtoto anasikia kila siku.

Wazazi na walimu mliomo humu, nyie mnawaelezaje watoto? Karibuni.

#2 Mwl_Mstaafu (Usa River)

Mama, hongera sana. Nimefundisha Hisabati shule za msingi mkoa wa Arusha mpaka nilipostaafu, na nakiri kwamba neno "kata" tumelitumia kupita kiasi. Tunamwambia mtoto "kata kwa mbili", yeye anaona mstari unapigwa juu ya namba, anadhani kazi ni kupiga mistari. Matokeo yake nimeyasahihisha kwa miaka mingi.

Nitoe mfano. Mtoto anaona 16/64. Anaona 6 juu, 6 chini. Anazipiga mstari zote mbili, inabaki 1/4. Na jibu ni sahihi kabisa, kwa sababu 16 inaingia kwenye 64 mara nne! Sasa unamwambiaje amekosea? Zipo sehemu nne tu za tarakimu mbili juu na mbili chini, zilizo pungufu ya kizima, ambazo mchezo huo unatoa jibu sahihi (ukiacha zile za sifuri kama 10/20): 16/64, 19/95, 26/65 na 49/98. Mpe hapo hapo 12/24. Akipiga mstari zile 2 atabaki na 1/4, na kila mtu anajua 12 ni nusu ya 24. Hapo utamwona anasimama.

Sifuri nazo zina mtego wake. 30/50 ukiondoa sifuri unapata 3/5, sawa, kwa kuwa umegawanya kwa 10 juu na chini. Lakini 305/505 ukiondoa sifuri za katikati unapata 35/55, na hilo ni jibu la uongo. Ukigawanya kwa 5 inavyotakiwa unapata 61/101, basi, haiendi zaidi. Sifuri ya mwisho na sifuri ya katikati hazifanyi kazi moja.

Kosa baya kuliko yote linakuja kwenye kujumlisha. Juu pameandikwa 3 + 5, chini 3 + 7. Mtoto anakata zile 3, anaandika 5/7. Kumbe juu ni 8, chini ni 10, jibu ni 4/5. Kigawo hukiondoi kwenye namba iliyojumlishwa mpaka kiwe kinaigawa jumla yote. Kwa lugha yako ya sokoni: huwezi kubadilisha chombo kwa nusu ya mzigo ukauacha mwingine. Mwenye kufuata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) atakumbuka kuwa juu na chini ya mstari ni kama vimefungwa kwenye mabano, vinaanza kwanza.

Nyongeza kwa wazazi. Kabla mtoto hajaanza kubahatisha, mfundishe kuzitazama namba. Ikiishia na namba shufwa, 2 inaingia. Ikiishia na 0 au 5, 5 inaingia. Jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba yenyewe inagawanyika kwa 3, na kwa 9 ni vivyo hivyo. Chukua 84/126: 8+4 ni 12, 1+2+6 ni 9, kwa hiyo 3 inaingia kote, na 2 inaingia kote kwa kuwa zote ni shufwa. Basi 6 inaingia. Unapata 14/21, na hapo 7 inajitokeza yenyewe: 2/3.

#3 Kijana_wa_Njoro

Asante kwa uzi. Swali langu la kweli: simu zote zina kikokotoo siku hizi. Kuna haja gani mtoto kuhangaika hivi?

#4 MamaNafaka

Mwanangu, jana nimeandika 24 gawanya kwa 36 kwenye simu ikaniletea 0.6666666667. Ile 7 ya mwisho imewekwa kukadiria tu, maana 6 hazina mwisho. Mtu akiniambia theluthi mbili, nayaona magunia matatu nikitoa mawili. Hiyo nyingine siioni.

#5 FundiSpana (Arusha)

Mimi ni fundi gereji, tuko Unga Limited. Niongezee upande ambao nahisi mmeuacha: kuna wakati kazi inakutaka uirudishe sehemu nyuma, kwenye ile ambayo haijarahisishwa.

Land Rover za zamani, zile ambazo Arusha bado zinakwenda porini, boliti zake nyingi ni za inchi. Spana zake zimeandikwa 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 3/4. Kijana mgeni akija gereji namwambia: nipe spana. Ananiletea 3/8, ni ndogo, haiingii. Ananiletea 1/2, inazunguka juu ya nati, itaila pembe. Namwambia lete ya katikati. Anasimama mbele ya boksi la spana anaduwaa, kwa sababu kwenye 3/8 na 1/2 haoni katikati yao ni ipi. Namba zimeshapunguzwa, kila moja inaongea kwa chombo chake.

Mimi nilifundishwa na fundi wangu hivi: inchi igawe vipande 16, halafu ziseme zote kwa vipande hivyo. 3/8 ni 6/16. 1/2 ni 8/16. Katikati yake ni 7/16, ndiyo hiyo, ivute. Na 5/8 ni 10/16, kwa hiyo kati ya 1/2 na 5/8 ni 9/16. Siku kijana anayoelewa hilo, haniletei tena spana tatu tatu.

Kwenye futi kamba ni vile vile. Ukihesabu vistari 12 vya moja ya kumi na sita baada ya inchi, usimwambie mwenzako "kumi na mbili ya kumi na sita." Mwambie robo tatu. Fundi bomba akienda dukani anaomba bomba la robo tatu, kila mtu anajua. Kwa hiyo mimi nasema: rahisisha unapomtajia mtu kipimo. Unapolinganisha, rudisha kwenye chombo kidogo kinachopima zote.

#6 Mwl_Mstaafu (Usa River)

Fundi, umefundisha Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, bila kukitaja. Somo hilo watoto wanalifundishwa mwezi mmoja na KKS, na hawaambiwi kwamba moja ni kupanda na jingine ni kushuka ngazi ile ile. Asante sana.

#7 MtangaMoshi

Shikamooni wakubwa. Mimi kwetu Tanga, naishi Moshi kikazi. Mleta uzi kanikumbusha bibi yangu. Kwake nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo pishi ni vibaba vinne. Nikichota vibaba viwili nikimwambia "bibi, vibaba viwili hivi", anajibu, "Sema kisaga." Hiyo ni 2/4 kuwa 1/2, nami sikujua kama ni Hisabati.

Na majina tulikuwa nayo yote: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni. Yametoka Kiarabu, na wanaoyatumia sana hadi leo ni watu wa mirathi. Naleta mfano huo kwa sababu unaunga mkono hoja ya fundi. Mtu amefariki, ameacha mke, baba, mama, na watoto wa kiume na wa kike. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumuni, 1/8. Baba sudusi, 1/6. Mama sudusi, 1/6. Watoto wanachukua kinachobaki. Shehe haanzi kwa kurahisisha. Anatafuta asili inayobeba zote, nayo ni 24: mke 3/24, baba 4/24, mama 4/24. Jumla 11/24. Watoto wanabaki na 13/24.

Sasa hapo mtu akikimbilia kupunguza 3/24 irudi 1/8 katikati ya hesabu, anaanza upya. Iache mpaka umalize. Na 13/24 haina pa kwenda, kwa kuwa 13 ni namba tasa na haiingii kwenye 24.

#8 Kidato1_Pasua

Samahani wakubwa, nimeingia kidato cha kwanza mwaka huu. Shuleni sasa kila kitu ni Kiingereza, kiasi na asili zimebadilishwa majina na mimi nilikuwa nazijua kwa Kiswahili. Naomba msaada kwenye 91/119. Nimejaribu 2, 3 na 5 zote zimekataa. Nimeandika "hairahisishiki" nikakosa.

#9 Mwl_Mstaafu (Usa River)

Mwanangu, usiogope majina. Namba ni zile zile, na ulichojifunza kwa Kiswahili hakijafutika.

Swali lako ni zuri, na nitakuonyesha njia ambayo ningependa kila mtoto aondoke nayo darasa la saba. Usihangaike kujaribu namba moja moja. Toa ndogo kwenye kubwa: 119 kutoa 91 ni 28. Sasa fikiri kama Mama Nafaka. Kama kipo chombo kinachopima 91 bila kubakiza, na kinapima 119 bila kubakiza, basi lazima kipime na ile ziada, 28, bila kubakiza. Kwa hiyo huna haja ya kutafuta duniani kote, kimejificha ndani ya 28. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7, 14 na 28. Namba zako zote mbili ni witiri, kwa hiyo kila kigawo cha shufwa kinaondoka. Inabaki 7. Jaribu: 7 kwenye 91 inaingia mara 13, kwenye 119 inaingia mara 17. Jibu ni 13/17.

Ukielewa hapo, utaona pia kwa nini 14/15 haiwezi kurahisishwa kamwe, wala 35/36, wala 99/100. Tofauti ni 1, na ndani ya 1 hakuna chombo kingine.

Namba zikiwa kubwa unaendelea kutoa. Chukua 357/493. 493 kutoa 357 ni 136. Sasa shika 357 na 136: toa 136 mara mbili, inabaki 85. Shika 136 na 85: inabaki 51. 85 na 51: inabaki 34. 51 na 34: inabaki 17. 34 kwa 17 inaisha, haibaki kitu. Chombo chetu ni 17. Sitakupa jibu la mwisho, gawanya mwenyewe.

Njia hii aliiandika Euclid, Mgiriki, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na yeye alieleza hivi hivi kwa kupima: kipimo kikubwa kabisa kinachopima namba mbili. Mama Nafaka ameifikia kwa debe na sado, nami nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

#10 FundiSpana (Arusha)

Mwalimu, miaka yote nimekaa shuleni hakuna aliyenionyesha hiyo ya kutoa. Nimeijaribu sasa hivi kwenye 51/68. Tofauti 17. 17 kwenye 51 mara 3, kwenye 68 mara 4. Robo tatu! Sikuiona kabisa mwanzoni.

#11 MamaNafaka

Nimerudi wadau. Mwalimu, Mungu akubariki. Kuna jambo moja nimeliwekea alama, nataka kuuliza: kwenye kuzidisha, binti ameambiwa akate kabla ya kuzidisha, hata mshazari, juu ya hii na chini ya ile. Hilo ni sawa? Maana kwenye kujumlisha umetukataza.

#12 Mwl_Mstaafu (Usa River)

Ni sawa kabisa, Mama, na ni vizuri akalijua. Ukizidisha, juu zote zinakuwa mzigo mmoja na chini zote mzigo mmoja, kwa hiyo kigawo kinaweza kutoka popote juu na popote chini. Mfano 14/15 × 25/28. Akizidisha kwanza atapata 350/420 na aanze kuhangaika. Lakini 14 inaingia kwenye 28 mara 2, na 5 inaingia kwenye 25 mara 5, kwenye 15 mara 3. Zinabaki 1/3 × 5/2, yaani 5/6. Ni pale penye alama ya kuzidisha tu. Alama ikiwa ya kujumlisha au kutoa, mkono ukae mbali na mshazari, atafute KDS kama fundi na spana zake.

#13 Kidato1_Pasua

Asanteni sana. Nimepata 21/29.

#14 MamaNafaka

Kijana wangu wa Pasua, na huku ni hivyo hivyo. Nimemwandikia binti 357/493 nyuma ya kipande cha mfuko wa khaki wakati nahudumia mteja wa ulezi. Alikaa chini juu ya gunia, akatoa, akatoa, kama robo saa. Akaniletea 21/29. Nikataka kumuuliza kama amefika mwisho au bado kuna pa kuendelea. Kabla sijafungua mdomo akasema, "29 ni namba tasa, Mama, na haiingii kwenye 21. Hakuna sado kubwa zaidi."